Mshumaa Usiopulizwa

Ewe mwenye mtoto na mshumaa chini ya paa moja, keti usikilize. Usiseme kwangu haiwezi kutokea. Fundi cherehani naye alisema hivyo hivyo, akafunga dirisha, akavuta mlango, akaenda zake akiwa na amani. Alichokikuta aliporudi ndicho kinachosimuliwa hapa.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Mtoto mwenyewe mdomo haukai. Aliongea akila, aliongea akivaa viatu, hata usingizini aliongea, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Baba yake alikuwa fundi ujenzi, mtu wa kupanda jukwaani huku anaimba. Walikaa chumba kimoja kikubwa. Nyuma ya pazia kulikuwa na vitanda, mbele dirishani kulikuwa na cherehani, na katikati, juu, ilipita kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha kushonwa. Siku zile kamba ilijaa majoho ya kwaya, ya satini nyeupe, marefu, pindo zake zikimgusa Chiriku kichwani kila alipopita.

Basi jukwaa likakatika. Fundi ujenzi akaanguka na mbao zake, mguu ukaumia, mbavu zikavunjika, na moja ikamtoboa pafu. Hospitalini wakampitishia bomba ubavuni, likashuka mpaka kwenye chupa sakafuni, na kila alipovuta pumzi maji ya ile chupa yalipanda na kushuka. Mkewe alijifunza kutoyaangalia yale maji. Aliangalia ukuta. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo Chiriku alikuwa anasubiri nyumbani na maswali yake.

"Mama, baba anapumua vizuri leo?"

"Anapumua."

"Kwa pua au kwa lile bomba?"

"Chiriku, niache nishone."

Mama mkwe wa fundi cherehani, yaani bibi yake Chiriku mzaa baba, alikuwa na kazi yake kanisani. Pale penye sanamu ya Mama Maria, watu waliwasha mishumaa ya maombi yao, mmoja wa mgonjwa, mwingine wa marehemu, mwingine wa mimba, kisha wakapiga magoti, wakaondoka. Kazi ya bibi ilikuwa kuja na kisu butu kukwangua nta iliyogandia kinarani na kuokota vipande vilivyobaki. Vipande aliviyeyusha kwenye sufuria kuukuu, akavimimina katika mabomba yaliyokatwa, vikawa mishumaa mipya. Mikono yake ilikuwa laini na yenye harufu ile ile siku zote. Watoto walimwita Bibi Nta, naye aliitika.

Mwanawe alipolazwa, Bibi Nta alikuja na mshumaa ameufunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "hivi ni vipande vya maombi ya watu wote waliopita pale. Nimeviyeyusha pamoja. Tutafanya novena, siku tisa za maombi. Tutauwasha hapa nyumbani, na moto usizimike mpaka siku ya mwisho. Ukifupika tunawasha mwingine kutoka kwa huu."

"Na ukizimika, mama?"

Bibi Nta alitengeneza mshumaa vizuri juu ya kifuniko cha kopo la biskuti. "Usizimike," alisema.

Waliuweka kwenye kigoda chini ya picha ya Mama Maria, hatua chache kutoka cherehanini. Siku ya kwanza ulikwenda vizuri. Siku iliyofuata upepo ukaingia kwa dirisha mchana, mwali ukainama mara moja, ukafa. Fundi aliuwasha upesi upesi, akajiambia hakuna aliyeona. Lakini jioni alipofika wodini akamkuta mumewe anatetemeka kwa homa, meno yanagongana. Nesi alisema homa kama hiyo huja na kuondoka, wampe dawa tu. Fundi alimsikia nesi, ila moyoni alikuwa anauona ule moshi mwembamba uliopanda mshumaa ulipozimika.

Alimsimulia mama mkwe. Wale wanawake wawili wakatazamana. Kuanzia hapo hawakuwa na jambo jingine.

"Utambi ni mwembamba," Bibi Nta aliamua. "Ndio unaoniangusha. Nisukie mnene."

Fundi akachukua nyuzi zake za pamba, akazisuka tatu tatu, kisha akazisuka tena zile zilizosukwa, hata utambi ukawa kama kamba ya kiatu. Mshumaa mpya ukawaka kwa mwali mrefu, wenye kutoa masizi, usiojali upepo. Wakaufurahia. Juu ya hayo, dirisha likafungwa lisifunguliwe tena, na kitambaa kikasokotwa chini ya mlango. Chumba kikawa na joto kama jiko. Majoho ya kwaya yakawa yanacheza taratibu juu ya joto lile. Kila mtu mle ndani alikuwa anaogopa mshumaa kuzimika. Hakuna aliyekumbuka kuogopa mshumaa kuwaka.

Jirani yao muuza mkaa, mwanamke wa sauti nene aliyekaa mlango wa pili, alichungulia akakunja pua.

"Fundi, humu mnapika watu? Jasho linanitoka na bado nipo nje."

"Tuna maombi, jirani."

"Mimi nauza moto kila siku, lakini silali nao. Haya, ombeni na mimi mnitaje. Mwambieni Mungu nina magoti mabovu."

Chiriku alicheka mpaka pengo likaonekana. Chiriku ndiye pekee aliyekuwa na raha na ule mshumaa. Alikaa mbele yake akiuongelesha, na alikuwa amegundua kwamba akisema maneno yenye "p" mwali unaruka. "Papai! Pilipili! Popo!" Mwali ukaruka, naye akaruka. Halafu akakusanya pumzi, akajaza mashavu, akapuliza kidogo tu aone utalala mpaka wapi.

Mama yake alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka hospitalini. Amesimama, pini mdomoni, anapima pindo la joho, na macho yamemvimba. Aliona mwali unalala. Alitema pini.

"We Chiriku! Ukiuzima huo, umezima pumzi ya baba yako! Umesikia?"

Mtoto akabaki na mashavu yamejaa. Akamgeukia bibi yake, kwa maana kwa bibi ndiko kulikokuwa na utani siku zote. Bibi ndiye aliyemwita mke mwenza na kumtishia kumnyang'anya mume. Lakini Bibi Nta hakutania.

"Sikia mama yako anavyosema," alisema. "Mshumaa wa maombi haupulizwi."

Chiriku aliitoa ile pumzi polepole kwa pua, amegeuza uso ukutani. Na kuanzia saa ile kila alipopita karibu na kigoda alijiziba mdomo kwa kiganja. Akitaka kusema jambo alienda kwanza nyuma ya pazia, akalisemea huko. Mama yake na bibi yake waliona, wakakonyezana wakatabasamu. Walisema, mtoto ameshika adabu. Jamani, walitabasamu.

Siku ya mwisho ya novena ilikuwa siku ya kumtoa mgonjwa bomba. Daktari alitaka kuona kama pafu litasimama lenyewe. Fundi hakuweza kukosa. Bibi Nta alikuwa kanisani kwenye kukwangua, na alikuwa ameahidi kuja mara tu atakapomaliza.

"Kaa na mshumaa," fundi alimwambia binti yake. "Bibi anakuja sasa hivi. Usifungue mlango upepo ukaingia. Na mdomo?"

Chiriku alijiziba mdomo, akaitika kwa kichwa.

"Ndiyo mwanangu huyo."

Akavuta mlango. Akaukanyagia kile kitambaa vizuri kwa nje.

Kule wodini walilitoa bomba. Mumewe aliuma meno, akatoa machozi, kisha akalala chali kimya, na kifua chake kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Hakukuwa na chupa wala maji ya kupanda na kushuka, ila mtu na pumzi zake. Fundi aliweka mkono pale kifuani akalia kwa furaha. "Chiriku anakusubiri," alimwambia. "Sasa hivi hata kelele hapigi. Ana adabu mpaka utashangaa."

Kilichotokea chumbani alikuja kukijua baadaye, kidogo kidogo. Nta ya vipande ilikuwa mchanganyiko, nyingine ngumu, nyingine laini, na ule utambi mnene uliiyeyusha haraka kuliko ilivyoweza kusimama. Katika joto lile mshumaa ulianza kupinda. Mtoto aliuona unainama kuelekea kwenye majoho. Pumzi moja tu ingetosha, pumzi ndogo kama ile ya "popo". Hakuitoa. Aliushika mshumaa kwa mikono miwili, akaunyoosha. Nta ikamwagika juu ya vidole vyake, naye hakuuachia. Ukapinda upande wa pili. Mwali ukagusa pindo la joho, na satini haingoji kuambiwa.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomkaa mama yake kooni miaka yote. Kuta za mtaa ule ni nyembamba, mtu akipiga chafya jirani anamwombea afya. Angeita mara moja tu, muuza mkaa angesikia. Lakini kuita ni kutoa pumzi, na mwali ulikuwa mbele ya mdomo wake.

Muuza mkaa aliona moshi ukitafuta njia juu ya mlango. Aliupiga mlango kwa bega mara mbili, kitambaa cha chini kikaung'ang'ania, mara ya tatu ukaachia. Akaingia na gunia lake la kulowesha mkaa, linachuruzika maji. Majoho yalikuwa yanadondoka vipande vipande yakiwaka. Chiriku alikuwa pembeni kabisa, amepiga magoti, mgongo ameuelekeza kwenye moto, uso ukutani. Muuza mkaa alidhani anajificha. Alipomgeuza akakuta ameukumbatia mshumaa kwa viganja vyote viwili, bado unawaka, nta imemfunika mikono mpaka vifundoni, na midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe.

Muuza mkaa hakujua lolote kuhusu pumzi za watu. Aliuona mshumaa unaowaka mikononi mwa mtoto. Akaupuliza.

Hapo ndipo Chiriku alipopiga ukelele, ukelele ambao mtaa mzima uliusikia.

"Umemuua baba yangu!"

Hilo likawa neno lake la mwisho kwa muda mrefu.

Fundi alirudi akikimbia na habari yake njema. Akakuta watu wamejaa mlangoni, cherehani imekuwa nyeusi, na Bibi Nta amekaa chini barabarani, kisu cha kukwangulia bado kimo mkononi. Muuza mkaa alimshika fundi mabega. "Yuko hai," alisema kwanza kabisa, Mungu ambariki kwa kuanza na hilo. "Yuko hai, fundi. Mgongo umeungua kidogo. Ila mikono, dada yangu. Mikono."

Wakamlaza katika hospitali ile ile, wodi ya watoto. Vidole vikafungwa bandeji kimoja kimoja. Baadhi vilikuja kupona, viwili vya mkono wa kulia vikashikana. Alikula alipolishwa, akatazama dari. Hakusema kitu. Manesi walidhani alizaliwa bubu.

"Mleteni baba yake amwone," fundi aliomba. "Anadhani amekufa. Akimwona ataelewa."

Wakamleta kwa kiti cha magurudumu. Fundi ujenzi alikuwa amekonda, lakini alijikaza akaimba kipande cha wimbo wake wa jukwaani tangu mlangoni. Chiriku aligeuza kichwa. Alimtazama kifuani, hakumtazama usoni. Akatazama kifua kikipanda na kushuka, kwa muda, kama mtu anayehakikisha saa inatembea. Kisha akanong'ona kwa sauti iliyokwaruza, huku akijiziba mdomo kwa bandeji.

"Nani ameuwasha tena?"

Watu wazima watatu walikuwepo pale. Mmoja wao angesema, mwanangu, hakuna aliyeuwasha, baba anapumua mwenyewe. Fundi alifungua mdomo aseme hivyo. Bibi Nta akamwahi.

"Mimi, mke mwenzangu. Nimeuwasha kanisani. Unawaka pale kwa Mama Maria. Usihofu."

Uso wa mtoto ukalegea, akalala usingizi, na wote wakashukuru. Fundi naye alishukuru. Aliona ni uongo mdogo wa kumtuliza mgonjwa.

Lakini Chiriku hakupata amani kwa uongo ule, alipata zamu ya ulinzi. Mvua ikinyesha alikuwa anakaa kitandani: "Bibi, dirisha la kanisani limefungwa?" Upepo ukivuma hawezi kula. Baba alitoka hospitalini, akawa anatembea na magongo, akaanza kunenepa; naye mtoto akaruhusiwa, wakarudi chumbani kwao penye kuta zilizopakwa chokaa upya. Haikusaidia. Alikaa karibu na baba yake, macho kifuani, na baba akikohoa tu, yeye anageukia upande wa kanisa. Hakucheza na wenzake wala kuimba. Hakutamka tena neno lolote kwa sauti ya mtu wa kawaida. Alinong'ona tu, kwa kiganja mdomoni.

"Huyu mtoto anaisha," muuza mkaa alisema. "Mimi nilipuliza mshumaa mmoja, nyinyi mmemwashia mwingine kichwani."

Fundi alijifunga kanga, akaenda kanisani, akaangalie huo mshumaa unaolindwa na mwanawe. Jua lilikuwa linazama na watu walikuwa wameshatoka. Mbele ya sanamu kulikuwa na mtunza sakristia, mzee mrefu mwenye ndala, ameshika kijiti kirefu chenye kikofia cha bati kwenye ncha. Alikuwa anapita kinarani, mshumaa hadi mshumaa. Anaufunika, moshi unatoka, anahamia mwingine. Mirefu na mifupi, hata ile iliyowashwa muda si mrefu.

"Baba," fundi aliita, "unafanya nini?"

"Nazima, mama. Nafunga kanisa."

"Hiyo ni maombi ya watu."

"Ndiyo. Walishaomba." Akafunika mwingine. "Kila jioni nazima. Tukiiacha iwake peke yake si nyumba ya Mungu itaungua?"

"Na wagonjwa wao?"

Mzee alimtazama kana kwamba hajaelewa swali. "Wagonjwa wako hospitalini, mama."

Chini ya kinara, Bibi Nta alikuwa amepiga magoti na kisu chake. Alikuwa amesikia yote. Fundi alimkaribia, na maneno yakamtoka kwa taabu.

"Mama. Kumbe kila jioni inazimwa. Na wewe upo hapa hapa."

"Nipo."

"Tangu lini?"

"Tangu nina meno yote."

"Basi ulijua. Ulijua mshumaa ukizimwa hafi mtu."

Bibi Nta aliendelea kukwangua mahali ambapo hapakuwa tena na nta. "Nilijua kwa wagonjwa wa watu," alisema. "Yule ni mwanangu, niliyemzaa mimi. Akili ikaniruka. Na wewe je, nesi hakukwambia ile homa ni ya kawaida?"

Alimwambia. Fundi akakaa chini kwenye sakafu ya baridi, bega kwa bega na mama mkwe wake, na mzee wa sakristia akawazimia ule wa mwisho juu ya vichwa vyao.

Jioni iliyofuata walikwenda wote. Fundi ujenzi kwa magongo yake, Chiriku ameshikilia ncha ya shati lake. Mtunza sakristia alikuwa ameshaelezwa. Alikwenda polepole, akifunika mmoja mmoja, na kila moshi ulipopanda Chiriku aliruka kama aliyechomwa sindano, akamtazama baba yake kifuani, akarudi kuutazama mshumaa unaofuata. Ukabaki mmoja. Mtoto akaachia shati, akaenda kusimama mbele yake, akaukinga kwa ile mikono yake.

"Ndio huu?" alimnong'oneza bibi.

Bibi Nta alilia. "Siujui, mjukuu wangu. Si wako. Nilikudanganya. Wako ulizimwa siku ile ile, na hakuna aliyeuwasha."

"Puliza, mama," fundi ujenzi alimwambia binti yake. "Mimi niko hapa. Puliza tu."

Chiriku alitikisa kichwa. Alitikisa tena, midomo ameibana kama siku ile. Hakuna aliyemlazimisha.

Basi mama yake akapiga magoti ubavuni mwake. Yeye ndiye aliyelisema lile neno, siku ile alipotema pini. Aliusogeza uso wake mpaka akahisi joto, akatazamana na binti yake kupitia kwenye mwali, akapuliza.

Kukawa giza jepesi na harufu ya nta. Chiriku hakungoja moshi uishe. Alimkimbilia baba yake, akampandishia shati, akamwekea kifuani mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vilivyoshikana. Kifua kikapanda. Mtoto hakuondoa mkono. Kikashuka, kikapanda, wakubwa wamesimama gizani wanamsubiri, na mtunza sakristia na funguo zake, naye mtoto bado anasikiliza.

Walipotoka nje alikuwa hajasema kitu. Njia nzima mkono wake ulikuwa chini ya shati la baba, na magongo yakawa yanakwenda taratibu kwa ajili hiyo. Mpaka leo analala hivyo. Ni binti mkubwa sasa, anaongea ukimwongelesha, kwa sauti ya chini, na uzi hawezi kuutia kwenye sindano. Mama yake humtilia. Na kila mama anayeingia kwa fundi kupimwa nguo, akitaja mshumaa, novena, au umeme kukatika, fundi huacha futi ya kupimia ikaning'inia shingoni, akamuuliza kwanza:

"Mwanao umemfundisha kupuliza?"